Foto 381 za Papa Prefe

Mimi niko na ka biro kadogo hapa Goma, upande wa Katindo, ka fotokopi, kuchapa barua, foto za pasipoti na kadi za wanafunzi. Meza mbili, printa mbili ambazo moja inafanya kazi siku yenyewe imeamua, na laptopu ya zamani yenye Ubuntu 18.04 (mfumo wa bure mahali pa Windows) niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama. Nataka nisimulie vile nilijifunza kubadilisha foto kwa kuandika amri, na vile nilibakiza kidogo tu nimpoteze klienti wangu mkubwa kwa amri ya maneno manne, juu kila nikiwaeleza watu wanacheka, halafu wiki mbili baadaye wananipigia simu yamewakuta hayo hayo.

Kwanza mjue juu ya nini situmii zile tovuti za kubadilishia foto. Nilizitumia sana. Foto moja ya simu siku hizi ni megabaiti 3 au 4, unaipandisha, unangoja, unaiteremsha, haya, ingine. Kwa foto tano sawa tu. Lakini shule ikikuletea foto karibu 400, hiyo ni zaidi ya giga moja ya kupandisha peke yake, na mega hapa tunanunua kwa kuzihesabu kama vile mtu anapima mafuta ya taa kwa kifuniko. Na tovuti moja niliyokuwa naipenda ilikuwa inaniruhusu chache tu kwa siku kisha inaniomba kadi ya benki. Kadi gani? Umeme ukikatika nao router inazima, laptopu inabaki na betri yake saa moja na nusu hivi, na hapo njo niligundua kwamba ninachohitaji ni kitu kinachofanya kazi ndani ya mashini yangu, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Rafiki yangu mmoja wa Bukavu njo alinionyesha ImageMagick. Ni programu ya zamani, aliianza John Cristy mwaka 1987 akiwa kwenye kampuni ya DuPont, ikatolewa kwa watu wote 1990, mimi nilikuwa bado sijazaliwa, na mpaka leo ni ya bure. Haina dirisha la kubofya bofya. Unafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika

convert foto.png foto.jpg

na imeisha. Inaangalia ile herufi za mwisho za jina, inaelewa unataka nini. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, kweli ni hii tu? Yule rafiki mwenyewe yuko na Windows, na kwake neno convert linagonga programu ingine ya Windows yenyewe inayoshughulika na diski, akaandika akajibiwa mambo ya diski, akaogopa akafunga. Kwenye toleo la 7 amri inaitwa magick, hiyo shida haipo. Mimi nilikuwa na toleo la 6 kwa hiyo mtaona naandika convert, nyinyi wenye mpya wekeni magick mahali pake.

Sasa hadithi yenyewe. Mwezi wa tisa 2022, mwanzo wa mwaka wa masomo, prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari akaniletea kazi ya kadi za wanafunzi. Wanafunzi 381. Alikuwa amewapiga yeye mwenyewe kwa simu yake, mmoja mmoja mbele ya ukuta, shati jeupe na bluu chini, siku nzima ya Jumatatu. Halafu mama sekretere wa shule akakaa siku mbili nzima kwenye kompyuta ya shule anabadilisha jina la kila foto, 1A_01, 1A_02, mpaka 6B_34, kwa kufuata orodha. Siku mbili! Kumbukeni hiyo sehemu.

Papa prefe akasema kwanza anataka orodha ya kila darasa yenye vifoto vidogo ili aitume kwa WhatsApp kwa walimu, kadi zitafuata. Sawa. Nilikuwa tayari nimejaribu foto moja na convert ikatoka vizuri, lakini convert inataka uiambie faili ya kuingia na ya kutoka, moja moja, na mimi nilikuwa na haraka, saa kumi na moja jioni, umeme unayumba. Nikakumbuka kuna ndugu yake anaitwa mogrify anayefanya zote kwa mpigo. Nikaingia kwenye folda nikaandika:

mogrify -resize 120x150 *.jpg

Nikabonyeza Enter. Dakika chache, feni ya laptopu inalia kama motari wa pikipiki anayepanda Himbi na abiria wawili, halafu kimya. Hakuna kosa hata moja. Nikatengeneza ile orodha, nikaituma, papa prefe akajibu na vidole gumba vitatu. Nililala vizuri sana usiku ule.

Kesho yake nafungua 4B_17 niiweke kwenye kadi, naona kitu kama madoadoa. Nikadhani ni skrini. Nikaandika identify 4B_17.jpg, amri inayotaja ukubwa wa foto kwa pikseli, ikanijibu 120x90. Ingine, 120x90. Ingine. Nikaangalia uzito wa folda, jana yake ilikuwa giga moja na kitu, leo megabaiti chache tu. Hapo njo nikaelewa kile ambacho kimeandikwa waziwazi kwenye maelezo ya mogrify na mimi sikusoma: convert inatoa faili mpya, mogrify inaandika juu ya ile ile uliyompa. Hakuulizi, hana kapu la takataka, hana kurudi nyuma. Alifanya kile nilichomwambia, mara 381.

Nikampigia Papa prefe na sauti ya mtu anayeuliza tu hali.

— Papa prefe, shikamoo. Zile foto bado ziko kwa simu yako?
— Ah kijana yangu, nilishaifuta yote. Simu ilikuwa inajaa. Si weye iko nayo?
— Ndiyo papa, niko nazo.

Sikudanganya, nilikuwa nazo kweli, urefu wa kidole. Nikamuuliza na kompyuta ya shule je, akasema mama sekretere aliihamisha kwa flashi, ni flashi ile ile aliyonipa, na mimi nilikuwa nimefanya kazi ndani ya flashi yenyewe. Ndani ya flashi ya klienti. Sikunakili hata kwenye laptopu.

Kitu kimoja tu kilinisaidia: simu yake ilikuwa inaweka foto kwenye ka karti ka memori ka nje, si ndani ya simu. Foto ukiifuta kwenye karti haiondoki palepale, ni kama kufuta jina la mtu kwenye daftari la wapangaji, mwenyewe bado amelala chumbani mpaka aje mpangaji mwingine. Nikamwambia papa asipige foto ingine yoyote, nakuja. Nikachukua pikipiki mpaka shuleni. Bahati mbaya Jumapili alikuwa ameshapiga video za kwaya, ndefu, na hizo video zilikuwa zimeshaingia kwenye vyumba vya watu.

Kuna programu inaitwa PhotoRec, ya Christophe Grenier, inakuja pamoja na TestDisk, nayo ni ya bure. Haiangalii majina ya faili, inasoma karti kuanzia mwanzo mpaka mwisho ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili, JPEG kwa mfano huanza na FF D8 FF, ikiiona inasema hapa kuna foto, inaitoa. Sharti moja, usiandike kile inachokipata kwenye karti ile ile, peleka kwenye diski ingine. Nikaiachia ifanye kazi usiku. Asubuhi nikawa na faili 900 na kitu.

Nifungue mabano hapa. Ukiokoa karti ya mtu unaokoa na maisha yake. Kulikuwa na foto za harusi, za mgonjwa hospitalini, za mtoto anaoga. Nikafumba macho kadiri ya kufumba, nilichohitaji ni shati jeupe na ukuta, zingine zote nikazifuta nikamwambia papa nimezifuta, na nilimwambia pia kwamba niliziona, juu hakuna njia ya kutoziona.

Shida ya pili: PhotoRec inarudisha foto lakini hairudishi jina. Zote zinaitwa f0183552.jpg, f0190976.jpg, na zingine zinaanza na t, hizo ni vile vifoto vidogo vilivyofichwa ndani ya foto kubwa, havifai kitu. Zile siku mbili za mama sekretere zilikuwa zimekwenda na maji. Nilikaa pale na uji wangu unapoa nikifikiria vile nitamwambia.

Halafu nikakumbuka kitu. Kila foto ya simu inabeba ndani yake maandishi, yanaitwa EXIF: aina ya simu, saa foto ilipigwa mpaka sekunde, namna simu ilivyoshikwa, na GPS kama imewashwa. Na mogrify wangu mjinga alipopunguza foto hakugusa hayo maandishi, juu sikumwambia ayaondoe. Kwa hiyo foto ndogo iliyoharibika, 4B_17, ilikuwa na saa yake. Na foto kubwa iliyookolewa, isiyo na jina, ilikuwa na saa ile ile. Watoto walipigwa mmoja mmoja, kati ya mmoja na mwingine sekunde nane, kumi. Ndogo ina jina, kubwa ina uso, saa njo inawafunga pamoja.

for f in ndogo/*.jpg; do
  saa=$(identify -format '%[EXIF:DateTimeOriginal]' "$f")
  echo "$saa;$f"
done | sort > ndogo.txt

Na hivyo hivyo kwa zile zilizookolewa, halafu amri ya join na -t';' ikaziunganisha mistari yenye saa moja. Nilipoona mstari wa kwanza umetoka, 2022:09:19 10:42:07;ndogo/4B_17.jpg;kubwa/f0190976.jpg, nilipiga kofi mezani mpaka mama wa maandazi nje akauliza kuna nini. Zikapatikana 233. Zilizobaki 148 zilikuwa chini ya kwaya.

(Zile alama za kunukuu kwenye "$f" msiziache. Faili ikiwa na nafasi katikati ya jina, kama zile zinazotoka WhatsApp, bila alama hizo terminali inaona ni faili mbili au tatu, inalalamika haizioni.)

Mngedhani hapo nilikuwa nimeshapata akili. Nikanakili zote 233 kwenye folda ingine, hilo nilifanya, nashukuru. Kadi ilitaka pikseli 400 kwa 500, nikaandika kwenye nakala:

mogrify -resize '400x500^' -gravity center -extent 400x500 -strip *.jpg

Ile alama ya ^ inasema jaza kisanduku chote, kitakachozidi kitakatwa na -extent. Na -strip inaondoa yale maandishi ya ndani ili faili iwe nyepesi. Nikafungua ya kwanza: mtoto amelala. Amelala ubavu kama yuko kitandani, na kichwa kimekatwa juu ya nyusi. Wa pili hivyo hivyo. Darasa zima limelala, shati zao nyeupe, utadhani ni wodi.

Kisa chake ni hiki, na kinawasumbua watu wengi sana wanaodhani simu zao zimeharibika. Ukishika simu wima, simu nyingi bado zinaandika foto ikiwa imelala, halafu zinaweka alama kwenye EXIF: ukiionyesha, izungushe. Kila programu ya kuangalia foto inaheshimu hiyo alama kwa hiyo hujui. Mimi nikakata foto ikiwa imelala, juu ImageMagick haizungushi mpaka uiambie, kisha nikaondoa na alama yenyewe. Dawa ni neno moja, -auto-orient, na liwe mbele ya mengine:

mogrify -path kadi -auto-orient -resize '400x500^' -gravity center -extent 400x500 -strip *.jpg

Inazisimamisha kwanza, inapunguza, inakata, njo inafuta maandishi. Mpangilio wa maneno una maana, amri inasomwa kama vile unampa mtu kazi moja moja akiwa amesimama mbele yako. Na muone hiyo -path kadi: mogrify sasa anaweka matokeo kwenye folda ya kadi, za mwanzo hazigusi. Maneno mawili! Ningeyajua wiki ile yote haya nisingekuwa nayaandika. Folda yenyewe uiunde kabla, hatakuundia.

Nilikuwa na wasiwasi na ile kuunganisha kwa saa, itakuwaje kama nimempa mtoto jina la mwenzake? Kadi yenye sura isiyo yako ni shida hapa, unaweza kusimamishwa barabarani. Nikatumia montage, ndugu mwingine kwenye familia hiyo hiyo, anayepanga foto nyingi kwenye karatasi moja na jina la faili chini ya kila moja:

montage -label '%f' kadi/*.jpg -tile 5x6 -geometry 150x190+6+6 karatasi.jpg

Karatasi nane. Nikazichapisha nikaenda nazo shuleni, nikamweleza mama sekretere kila kitu, pamoja na zile siku zake mbili. Hakunipigia kelele. Alivaa miwani, akachukua biki nyekundu, akaanza: huyu ni yeye, huyu ni yeye, huyu njo wa kwa mama wa makala, huyu dada yake iko mu ya sita. Alikuwa anawajua wote, si kwa orodha, kwa nyumba zao. Baada ya karatasi nane alikuwa ameweka alama mbili tu, na zote mbili zilikuwa makosa yake yeye ya siku ya kwanza, mapacha. Akacheka akasema basi tumegawana.

Wale 148 tukarudia kuwapiga. Mwalimu mmoja akajitolea na iPhone yake aliyotumiwa na kaka yake aliye Ubelgiji, ili tumalize haraka, akapiga madarasa mawili. Foto nzuri kweli. Petit, kijana anayenisaidia, akazipokea, akaona zinaishia na .HEIC, printa haizijui, akafanya kile ambacho kila mtu anafanya: akabofya jina akafuta HEIC akaandika jpg. Akaniletea kwa furaha, yaya (kaka) nimezibadilisha zote. Hazifunguki hata moja.

Jina la faili ni kama maandishi juu ya duka, unaweza kuandika farmasi na ndani mnauzwa samaki. Kuna amri ya kujua ndani kuna nini:

file 2A_05.jpg

Ikatujibu ni HEIF, aina ile ile ya .HEIC. iPhone zinatumia hiyo tangu iOS 11, mwaka 2017, inabana foto vizuri kuliko JPEG, sawa, lakini ile Ubuntu yangu ya 18.04 ImageMagick yake haikujua kuisoma, ikawa inalia no decode delegate for this image format. Hiyo maana yake tu ni kwamba haikujengwa na kipande cha kusoma aina hiyo. Nikaweka libheif-examples, inakuja na heif-convert, tukazirudishia jina lao la HEIC tukapita nazo moja moja ndani ya for. Na kwa simu ya mwalimu tukaingia Réglages (mipangilio), Appareil photo, Formats, tukachagua Le plus compatible, tangu siku hiyo anapiga JPEG kama sisi wote.

Nembo ya shule nayo ilitusumbua saa moja tu. Ilikuwa PNG yenye mandhari ya uwazi, petit akaigeuza JPG, ikatoka ndani ya kisanduku cheusi, na kadi mbili zilikuwa zimeshachapwa hivyo kama tangazo la msiba. JPEG haina uwazi, haijui kitu kisichokuwepo, lazima umpe rangi ya kuweka:

convert nembo.png -background white -flatten nembo.jpg

Kuna na alama ya > ambayo wengi wanaiweka baada ya ukubwa, '1600x1600>', maana yake punguza zilizo kubwa tu, ndogo ziache. Ukisahau zile alama za kunukuu, terminali inaelewa > kuwa ni kuelekeza matokeo kwenye faili, na utapata folda nzuri yenye majina yote na kila faili ina uzito wa baiti sifuri. Hiyo ilinipata mwaka uliofuata. Nilikuwa na nakala, nikanywa chai.

Nirudi kwenye -strip, juu kuna upande wake mwingine ambao kwa mji kama huu wetu ni mkubwa kuliko uzito wa faili. Mwaka 2023 na 2024 kambi zilikuwa zimejaa kuzunguka mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, na vijana wengi wa mashirika walikuwa wanakuja biro kwangu kuchapa ripoti zenye foto za watu. Dada mmoja akaniletea foto ya mwanamke amefunikwa uso vizuri, jina limebadilishwa, kila kitu. Nikaandika identify -format '%[EXIF:GPS*]' na jina la foto, ikatoa latitudo na longitudo. Nikaziweka kwenye ramani mbele yake, zikaangukia karibu na mlango wa hema. Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amezoea kutuma kwa WhatsApp na WhatsApp ukituma kama foto inaondoa hayo maandishi, lakini wakubwa wake walimwambia atume kama dokima (document) ili foto isipoteze ubora, na ikienda kama dokima inaenda nzima, na GPS yake. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe anakuja na flashi anasema nifanyie ile ya kupangusa. Namfanyia bure.

Kuna na wazee wanaoleta foto za karatasi, wengi, hasa tangu ule mlipuko wa volkeno yetu ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, watu waliokimbia kuelekea Sake na mifuko miwili wakagundua hawakubeba hata foto moja ya wazazi, na wale ambao za kwao ziliungua na lava ya 2002 hawahitaji kuelezwa. Hizo naziskani naziweka TIFF, nzito, lakini haipotezi kitu, halafu natoa JPEG ya kuweka kwa simu. Wengine wananiletea JPEG ndogo iliyozunguka WhatsApp mara kumi, wananiambia yaya igeuze PNG iwe safi. Nawaeleza taratibu: JPEG kila ikihifadhiwa upya inatupa kidogo, na kile kilichotupwa PNG haitakiokota barabarani, itakupa faili nzito zaidi yenye ukungu ule ule. Hawaniamini. Nawafanyia, wanaiangalia, wanasema eh kweli iko safi kidogo. Sawa.

Mwaka huu Papa prefe amerudi. Wanafunzi wameongezeka, foto 402. Akanipa simu na kidole kikiwa tayari kwenye kale ka ndoo ka kufutia.

— Nilishakupa, si ndiyo? Nifute sasa, simu inajaa.
— Bado papa. Kaa kwanza.

Nikatoa karti, cp -a (amri ya kunakili) kwenda laptopu kwenye folda inaitwa asili, cp ingine kwenye diski ya nje, sha256sum upande huu na upande ule kuhakikisha nakala zinalingana, chmod -R a-w asili ili hata mimi mwenyewe nikichoka jioni nisiweze kuandika juu yake. Papa prefe akaagiza chai ya tangawizi kwa mama wa maandazi, akakaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia mistari inapita kwenye dirisha jeusi, OK, OK, OK, mpaka ya 402.

— Sasa?

Nikamwomba aningojee nifungue tano za katikati kwa macho yangu, 3A, 5B, yule mmoja wa mapacha. Zote zimesimama.

— Sasa sawa papa, futa.

Akafikiria kidogo, akaweka simu mfukoni. Akasema atafuta mwezi ujao.